Una deni la kodi kwenye nyumba ya kaunsili Uingereza? Namna ya kubaki na nyumba yako

Barua ya kwanza ya deni la kodi ikifika, wengi wetu huiweka juu ya friji tukisubiri mwisho wa mwezi. Ya pili huwekwa juu ya ya kwanza. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuzishusha barua hizo leo ukijua la kufanya nazo. Unafuata mambo yanavyokuja, tangu deni likiwa dogo hadi siku ya mahakama na hata baada ya hapo.

Unamhusu mpangaji wa nyumba ya kaunsili au ya shirika la nyumba ndani ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao. Aliyepanga kwa mtu binafsi naye atakuta mengi hapa hayamhusu.

Kwanza kabisa ujue kwamba mwenye nyumba hawezi kukutoa kwa barua. Hawezi kubadilisha kitasa ukiwa kazini, wala kutoa vitu vyako nje. Ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1977 inayowalinda wapangaji wasifukuzwe kiholela. Anayeweza kukutoa ni dalali wa mahakama mwenye hati mkononi, na mpaka jambo lifike kwake limepita hatua kadhaa ambazo kila moja ina nafasi ya kulisimamisha. Kwenye kila hatua utaulizwa maswali yale yale mawili: kodi ya sasa inalipwa? Na kwenye deni la nyuma unaongeza kiasi gani? Ukiyajibu hayo kwa karatasi, si kwa maneno matupu, uwezekano wa kubaki ni mkubwa hata kama deni lenyewe limefika maelfu.

1. Toa mkataba, usome una upangaji wa aina gani

Nyumba za kaunsili nyingi huanza na mwaka mmoja wa majaribio, na kwenye mkataba utaona umeandikwa "introductory tenancy". Miezi hiyo 12 inaweza kuongezwa mingine 6. Baada ya hapo unakuwa na upangaji wa kudumu, "secure tenancy". Mashirika ya nyumba nayo huanza na majaribio, kisha hutoa mkataba uitwao "assured tenancy".

Mwenye upangaji wa kudumu wa kaunsili ana kinga nzuri. Deni la kodi linaweza kumfikisha mahakamani, lakini jaji lazima ajiridhishe kwamba ni haki kumtoa, na anaweza kukataa au kuahirisha. Aliye kwenye mwaka wa majaribio hana kinga hiyo: kaunsili ikifuata utaratibu sawasawa, jaji hana hiari. Silaha yake ni kuomba uamuzi wa kaunsili upitiwe upya, na ombi hilo lazima lifike ndani ya siku 14 tangu apewe notisi. Andika siku hiyo hiyo, hata mistari mitatu tu kwa barua pepe, usingoje afisa arudi likizo.

Kwa mpangaji wa shirika, notisi huorodhesha sababu kwa namba. Sababu za 10 na 11 zinamwachia jaji hiari. Ukiona namba 8, shtuka. Hiyo ni ya lazima: deni likiwa limefikia kiwango fulani siku ya notisi na pia siku ya kesi, jaji hana budi kutoa amri ya kukutoa. Kiwango kwa miaka mingi kimekuwa kodi ya miezi miwili, au wiki 8 kwa wanaolipa kwa wiki. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 inakipandisha hadi miezi mitatu, yaani wiki 13, lakini inaanza kutumika kwa awamu na wapangaji wa mashirika hawakuwa wa kwanza kuguswa, kwa hiyo mshauri wako akuangalizie kipi kinakuhusu. Vyovyote iwavyo, mbinu ni moja: ukilishusha deni chini ya kiwango kabla jaji hajaisikiliza kesi, hata kwa paundi 1, ulazima ule unaondoka. Hapo ndipo panapofaa kumpigia simu kaka aliyeko Birmingham na kumwomba msaada, kuliko kumwomba mapema pesa ikaishia kwenye mambo mengine.

Kama mkataba una majina mawili na mwenzako ameondoka, deni lote ni lako. Mwenye nyumba anaweza kukudai wewe peke yako kila senti.

2. Omba taarifa ya akaunti ya kodi, uipitie kwa kalamu

Usilikubali deni kabla hujaliona linavyohesabiwa. Mwenye nyumba anapaswa kukupa taarifa ya akaunti kila baada ya miezi mitatu, kwa namna inayoeleweka, na ukiomba kabla ya hapo akakunyima, mdai akupe sababu. Angalia lilianza wiki gani. Kwenye karatasi nyingi utaona namba zilikuwa sawa, kisha wiki moja zikaanza kupanda. Wiki hiyo ndiyo ya kuichunguza: ulibadilisha kazi? Mtoto alitimiza miaka? Ulisafiri?

Kuna mtego mmoja unaowanasa watu waaminifu kabisa. Kodi ya nyumba hizi kwa kawaida huhesabiwa kwa wiki, ila mshahara na Universal Credit (posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo) huja kwa mwezi. Tuseme kodi yako ni paundi 118.50 kwa wiki. Mtu anazidisha kwa nne, anapata 474, anaweka benki ikate kiasi hicho kila mwezi, analala usingizi. Lakini mwaka una wiki 52, si 48. Kodi ya mwaka ni paundi 6,162, na ukiigawa kwa 12 unapata 513.50 kwa mwezi. Yule aliyelipa 474 bila kukosa hata mwezi mmoja anamaliza mwaka na deni la paundi 474, yaani mwezi mzima, na hajui limetoka wapi. Zidisha kodi yako ya wiki kwa 52, gawa kwa 12, linganisha na unacholipa. Zipo kaunsili zinazotoa wiki chache za mapumziko ya kodi kwa mwaka. Kama yako ni mojawapo, hesabu kwa wiki zinazolipwa.

Hakikisha pia pesa inaingia mahali pake. Kaunsili hiyo hiyo inakudai kodi ya nyumba na vilevile "council tax", yaani kodi ya huduma za mtaa, na hizo ni akaunti mbili zenye namba tofauti. Nimeona mtu aliyekuwa na ziada ya kutosha upande mmoja huku upande wa pili anapelekwa mahakamani.

3. Tafuta mahali posho ilipokatika

Madeni mengi ya kodi kwenye nyumba hizi hayatokani na ulevi wala kamari. Yanatokana na posho ya nyumba kusimama au kupungua bila mpangaji kujua. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, kwa sababu deni linaweza kupungua bila wewe kutoa chochote mfukoni.

Ukianza Universal Credit, malipo ya kwanza huchukua kama wiki tano. Kodi haingoji wiki hizo tano. Unaweza kuomba malipo ya awali, ingawa ni mkopo utakaokatwa baadaye. Mwambie mwenye nyumba mara moja kwamba umeomba na mpe ushahidi wa maombi. Mwongozo unaowabana wenye nyumba hizi unasema wasifungue kesi dhidi ya mtu aliyeleta ushahidi wa maombi ya posho, ambaye kuna sababu ya kuamini atapata, na ambaye analipa sehemu isiyofunikwa na posho.

Kila Aprili kodi hupanda. Kama upo kwenye Universal Credit, ni wewe unayetakiwa kuingiza kodi mpya kwenye akaunti yako mtandaoni. Usipofanya hivyo utaendelea kulipwa kwa kodi ya mwaka jana, na pengo dogo la kila wiki litakuwa deni kufikia Krismasi.

Chumba cha ziada kinakatwa. Tangu Aprili 2013, mtu wa umri wa kufanya kazi mwenye chumba kimoja zaidi ya anachohesabiwa hukatwa asilimia 14 ya kodi inayohesabiwa kwenye posho ya nyumba. Viwili au zaidi, asilimia 25. Angalia kama wamehesabu sawasawa. Mtoto mwenye ulemavu asiyeweza kulala chumba kimoja na mwenziwe, au mtu mzima anayehitaji mlezi wa usiku, anaweza kuruhusiwa chumba cha ziada.

Halafu kuna watu wazima walio ndani ya nyumba. Nyumba zetu hazikosi mtu: kijana aliyemaliza chuo bado yupo, binamu alifika kwa wiki mbili na sasa ni mwaka. Universal Credit ikijua kuna mtu mzima wa miaka 21 au zaidi asiye mwenzi wako, inadhani anachangia kodi na inakukata, awe anachangia au la. Kuna misamaha, kwa mfano kama wewe au yeye mnapokea posho fulani za ulemavu. Lakini bila msamaha, kijana lazima atoe. Kaa naye chini, mwonyeshe karatasi ya makato, mwambie kiasi kilichokatwa kwa jina lake ndicho anachotakiwa kuweka mezani kila mwezi. Wazazi wengi wanaona haya kumdai mtoto kodi. Aibu ya kutolewa nyumbani wote pamoja ni kubwa zaidi.

Na safari. Ukienda Mombasa, Unguja au Bujumbura, Universal Credit kwa kawaida huendelea kwa mwezi mmoja tu, na tena uwe umetoa taarifa na ulikuwa na haki ya kulipwa kabla ya kuondoka. Ukifiwa na ndugu wa karibu ukiwa huko na haiwezekani kurudi, unaweza kuongezewa mwezi mwingine. Zaidi ya hapo inakatika, pamoja na sehemu ya nyumba. Waliokaa arobaini ya mzee, wakasubiri mirathi, wakarudi mwezi wa nne, hukuta barua mlangoni. Ukiwa hujasafiri bado, panga kodi ya kipindi hicho kabla hujanunua tiketi. Wala usimwachie mtu nyumba yote akulipe wewe kodi ukiwa huko. Kupangisha nyumba ya kaunsili kwa siri ni jinai tangu sheria ya 2013, na deni la kodi litakuwa tatizo lako dogo.

Ukikuta uamuzi wa posho haukuwa sawa, una mwezi mmoja kuomba uangaliwe upya, na ukikataliwa unakwenda kwenye baraza la rufaa. Ukiwa umechelewa kuomba Universal Credit kwa sababu kama ugonjwa, uliza kuhusu kulipwa hadi mwezi mmoja nyuma. Kama posho haifiki kodi hata ikihesabiwa vizuri, kaunsili ina mfuko wa msaada wa ziada wa gharama za nyumba. Hautangazwi sana, na pesa zake huisha, kwa hiyo omba mapema katika mwaka wa fedha unaoanza Aprili.

4. Lipa kodi ya wiki hii, ongeza kidogo

Tunasema dawa ya deni ni kulipa. Hapa nitaongeza kwamba dawa inaanzia wiki hii. Mtu mwenye deni la paundi 2,000 anaona 120 za wiki hii haziwezi kubadilisha kitu, kwa hiyo anazitumia kwingine akingoja siku atakayopata pesa nyingi kwa mpigo. Kwa jaji huyo ni mtu ambaye deni lake linakua. Mwenye deni lile lile la 2,000 anayelipa kodi ya sasa na paundi 5 juu yake ni mtu ambaye deni lake linapungua. Jaji anawatofautisha hao wawili kwa kuangalia karatasi moja tu.

Ili hiyo pesa ipatikane, panga madeni yako kwa uzito wa kinachoweza kukupata. Kodi ya nyumba, council tax, gesi na umeme ndiyo ya mbele. Kadi ya benki, nguo za mkopo na simu ni ya nyuma, hata kama hao wa nyuma ndio wanaopiga simu mara kumi kwa siku. Kampuni ya kadi haiwezi kukutoa nyumbani kwa kuchelewesha malipo. Mwenye nyumba anaweza.

Kigumu zaidi ni cha nyumbani. Mama yupo Tanga anategemea, mdogo wako Goma ana ada ya shule, kwenye kundi la WhatsApp kuna mchango wa msiba na mwingine wa harusi, na zamu yako ya upatu haijafika. Sikuambii uache kutuma. Nakuambia ukijaza fomu ya mapato na matumizi kwa mshauri wa madeni, usiifiche pesa unayotuma. Itaonekana kwenye taarifa ya benki, na jaji akiona paundi 150 zikienda nje kila mwezi huku kodi hailipwi, ahadi yako ya paundi 5 itapoteza nguvu. Ni bora kuwaambia jamaa kwamba kwa miezi sita utatuma nusu, na sababu uwaeleze wazi. Upatu nao, kama bado hujapokea, zungumza na mweka hazina upewe zamu ya karibu au utoke bila ugomvi.

5. Zungumza na afisa wa kodi, na kila neno liwe na karatasi

Wenye nyumba za kaunsili na mashirika wana utaratibu rasmi wanaopaswa kuufuata kabla ya kwenda mahakamani. Unawataka wawasiliane nawe mapema, waulize chanzo cha deni, wakubaliane nawe kiasi unachokimudu, wazingatie ugonjwa au ulemavu wako, na wasifungue kesi maadamu unayatimiza makubaliano. Unawataka pia, wakijua mpangaji ana shida ya kusoma au kuelewa, wachukue hatua kuhakikisha kwamba ameelewa. Kwa hiyo kama Kiingereza chako hakitoshi kwa mambo ya sheria, sema hivyo kwa maandishi na uombe mkalimani wa Kiswahili. Usimtumie mtoto wa miaka kumi na miwili kukutafsiria kuhusu deni. Atapunguza makali ili asikuumize, na atakosa usingizi.

Usikubali kiasi kwa sababu afisa amekukazia sauti. Ukiahidi paundi 40 kwa wiki na ukashindwa wiki ya tatu, utakuwa umevunja makubaliano, na hilo litasomwa mahakamani. Ahidi 5 na uzilipe. Baada ya simu, mtumie barua pepe fupi: "Kama tulivyozungumza leo, nitalipa kodi yangu kamili na paundi 5 juu yake kila Ijumaa." Tayari una ushahidi.

Unaweza pia kuomba sehemu ya nyumba ya Universal Credit iende moja kwa moja kwa mwenye nyumba, hasa deni likifikia miezi miwili. Wapo wanaoona ni kudhalilishwa. Mimi naona ni kupunguza kishawishi, na kuna siku utashukuru hiyo pesa haikupita mikononi mwako.

Kama nyumba ina unyevu na ukungu ukutani, au boila imekufa wiki tatu, usigome kulipa. Kugoma ndiko kunakokufikisha kwenye hesabu ya sababu namba 8. Piga picha zenye tarehe, lalamika kwa maandishi, na umpe mwanasheria: mpangaji anaweza kudai fidia ya ubovu ndani ya kesi ile ile ya kodi, na fidia hiyo ikapunguza deni. Tangu 27 Oktoba 2025 wenye nyumba hizi wanabanwa na muda maalumu wa kushughulikia unyevu na ukungu hatari, na hatari za dharura ndani ya saa 24. Kanuni hizo zimepewa jina la Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyefariki Rochdale mwaka 2020 kwa sababu ya ukungu nyumbani kwao.

6. Notisi ikifika

Notisi haijakutoa. Inasema tu kwamba baada ya tarehe fulani, mwenye nyumba anaweza kufungua kesi. Kwa mpangaji wa kudumu wa kaunsili huwa na kichwa "Notice of Seeking Possession".

Siku hiyo fanya simu mbili. Ya kwanza kwa mwanasheria wa bure. Tangu Agosti 2023 kuna huduma ya kisheria ya serikali ya kuzuia watu kupoteza nyumba, na unaistahili tangu unapopata maandishi yanayoonyesha nyumba ipo hatarini. Hawaangalii kipato chako. Wanashughulikia nyumba, na pia madeni na posho zinazohusika. Ukipiga Shelter, shirika la kusaidia wenye shida ya makazi, kwa 0808 800 4444, au ukienda ofisi ya ushauri ya Citizens Advice ya mtaani, uulize nani anatoa huduma hiyo eneo lako.

Ya pili kwa mshauri wa madeni. Anaweza kukuombea nafasi ya kupumua ("Breathing Space"), mpango wa tangu Mei 2021 unaosimamisha wadai kwa siku 60. Ndani ya siku hizo mwenye nyumba hawezi kukupa notisi wala kukutoa kwa deni lile la nyuma. Sharti ni kwamba kodi ya sasa uilipe. Unaipata mara moja kwa miezi 12, kwa hiyo usiichome mapema kwa ajili ya deni la simu.

7. Siku ya mahakama

Bahasha ya mahakama ina fomu ya utetezi, N11R. Ijaze na uirudishe ndani ya siku 14. Ukichelewa, bado irudishe, na bado uende. Omba mkalimani mapema kwa kuwasiliana na mahakama yenyewe, usingoje asubuhi ile.

Nenda. Hata kama afisa wa kodi amekupigia simu jana yake akasema "hakuna haja ya kuja, tumekubaliana". Asipoona mtu, jaji anaisikia hadithi ya upande mmoja. Fika saa nzima kabla, mwambie karani unataka mwanasheria wa zamu. Huyo ni wa bure, atakusikiliza pembeni, kisha ataingia na kukusemea. Mwakilishi wa mwenye nyumba naye atakuja kwenye korido na karatasi, akitaka mkubaliane haraka. Mwambie kwa adabu kwamba utaongea naye baada ya kuonana na mwanasheria.

Ndani kuna meza, si kizimba, na kesi nyingi huisha kwa dakika kumi. Mazungumzo huwa hivi:

"Kodi ya wiki hii umelipa?"

"Nimelipa Jumatatu, Mheshimiwa. Risiti hii hapa."

"Na deni, unaweza kuongeza kiasi gani?"

"Paundi 5 kwa wiki. Nimeshaanza kulipa tangu mwezi uliopita."

"Deni lilitokea vipi?"

"Posho ilisimama nilipobadilisha kazi. Imerudishwa, barua yao ninayo."

Majibu mafupi kama hayo, kila moja na karatasi yake, yanamtosha jaji. Usianze na habari za jirani anayepiga muziki.

Jaji anaweza kuifuta kesi, hasa kama notisi ina kasoro au mwenye nyumba hakufuata utaratibu. Anaweza kuiahirisha kwa masharti. Anaweza kutoa amri iliyosimamishwa: unabaki maadamu unalipa kodi ya sasa na kile kiasi cha juu. Au anatoa amri kamili, kwa kawaida uondoke ndani ya siku 14. Penye sababu namba 8 anaweza kuirefusha hadi wiki 6 tu kwa shida kubwa sana. Omba kwanza kuahirishwa, kwa sababu hapo hakuna amri dhidi yako. Na uulize kuhusu gharama za kesi: ada peke yake ni mamia ya paundi, na kwa kawaida huongezwa juu ya deni.

8. Ukiwa na amri iliyosimamishwa

Bandika masharti pale ulipokuwa ukiweka zile barua. Weka benki ikate yenyewe. Ukijua utakosa wiki moja kwa sababu zamu za kazi zimepunguzwa, andika kabla ya kukosa. Ukivunja masharti, mwenye nyumba anaweza kuomba hati ya dalali, na mara nyingi hilo halihitaji kesi mpya.

9. Dalali akipangiwa tarehe

Utapewa taarifa ya angalau siku 14, kwenye fomu N54. Bado hujaisha. Jaza fomu N244 kuomba hati isimamishwe, peleka mahakama iliyotoa amri. Ada yake ni ndogo, na mwenye kipato cha chini anaweza kuomba asamehewe kwa fomu EX160. Kwenye sababu za hiari, jaji ana uwezo wa kusimamisha mpaka dakika dalali anapotekeleza. Andika kilichobadilika: posho imerudi, kazi imepatikana, mtoto wa kwanza sasa anachangia. Ombi lisilo na jipya hukataliwa. Kama amri ilitolewa kwa sababu namba 8, nafasi hiyo ni finyu sana, kwa hiyo mwanasheria aione kabla hujaipeleka.

Usirudishe funguo na usihame kabla ya tarehe ya dalali ati ili kujiepusha na aibu. Kaunsili inaweza kusema umejitoa mwenyewe.

10. Upande wa pili wa kaunsili

Idara ya kodi na idara ya wasio na makazi ni ofisi mbili ndani ya kaunsili moja, na ya pili ina wajibu kwako hata wakati ya kwanza inakushtaki. Chini ya sheria ya 2017, mtu anayeelekea kupoteza makazi ndani ya siku 56 anapaswa kusaidiwa kuzuia hilo. Nenda ukiwa na notisi au amri, omba mpango wa maandishi.

Wakija kukutoa kweli, nenda siku hiyo hiyo na N54, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua za daktari. Mwenye watoto au mgonjwa aombe makazi ya muda papo hapo. Watachunguza kama ulijisababishia mwenyewe, na hapo faili lako la risiti, barua pepe na maamuzi ya posho litakutetea: linaonyesha deni lilitokana na pengo la posho au ugonjwa, si kwamba ulikuwa nazo ukaacha kulipa. Uamuzi wowote wa kukukataa udai kwa maandishi. Tangu siku unapoarifiwa una siku 21 za kuomba upitiwe upya.